Mstari Uliopandishwa kwa Kamba

Mimi nilifukuzwa shule kwa sababu ya kenge. Nasema wazi, maana watoto wa siku hizi wanafikiri mzee asiyesoma sana alikuwa mvivu, au baba yake alikuwa mlevi. Sikuwa mvivu, na baba yangu hakunywa. Nilichora kenge kwenye kitabu cha sala, pembeni, pale karatasi inapobaki tupu kando ya maneno. Kenge mzuri, ulimi nje, mkia umeshuka mpaka chini ya ukurasa. Katekista aliyekuwa anatufundisha aliniinua kwa sikio, akanichapa mbele ya wenzangu, akasema: "Pembeni mwa sala hapakai kitu. Pale ni pa Mungu." Nilikuwa mwaka wa tatu. Wa nne sikuuona.

Kwa hiyo herufi nilizijua, na kusoma nilijua polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini mkono wangu ulikuwa mkono. Nilipokua nikawa mwandishi wa rangi. Majina ya mitumbwi ya mota, milango ya maduka, kuta za baa, namba za mabehewa pale gare, stesheni ya reli: kama ulipita Kalemie miaka ile ukaona herufi zimenyooka, mimi njo niliandika. Hakuna aliyenifundisha. Kunyoosha mstari nilijitafutia mwenyewe, kwa uzi uliopakwa makaa: unaufunga huku na huku, unauvuta katikati, unauachia, pa! mstari umebaki ukutani. Wale walionicheka shuleni walikuja baadaye kunibembeleza niwaandikie majina yao juu ya milango yao.

Sasa habari yenyewe. Ni habari ya kitabu cha mama yangu, mwaka wa pili au wa tatu baada ya uhuru. Mji ulikuwa umejaa askari wa kofia za buluu kutoka nchi za mbali, Wazungu wengi walikuwa wamekwisha kuondoka, na daktari wa macho aliondoka pamoja nao. Aliondoka wakati mbaya, maana macho ya mama yalikuwa yanaingia ukungu. Kitabu chake cha sala kilikuwa cha kuchapwa, herufi ndogo kama sisimizi. Alikuwa anakishika karibu na pua, halafu mbali, halafu anakifunga.

Katika chama cha akina mama wa parokia yetu kulikuwa na desturi moja. Siku ya Mama Maria, mwezi wa nane, mama sita wanakaa benchi la mbele, na kila mmoja anasimama na kitabu wazi mkononi anaongoza sala moja. Kitabu lazima kiwe wazi na macho yawe ndani yake. Kuongoza kwa kichwa, hapana. Katekista alikuwa anasema kichwa cha mwanamke kinachanganya sala na bei ya ndakala, dagaa wetu wa ziwani. Mama yangu alikaa benchi lile tangu mimi nikiwa mgongoni mwake. Mwaka ule katekista alimwita nje ya mlango wa kanisa. Alikuwa ni yule yule wa kenge, nywele sasa nyeupe, sauti bado ya fimbo.

"Mama, macho yako yamechoka," akamwambia. "Kama hauwezi kusoma sikukuu ikifika, umwachie mwingine. Benchi la nyuma nalo liko ndani ya kanisa."

Mama alirudi nyumbani akaniambia maneno hayo mara moja tu. Kisha akatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliitwanga mpaka ikawa maji, na bado anatwanga.

"Papa," akasema mwishoni, maana mama zetu huwaita hivyo watoto wao wa kiume, "weye unaandika majina ya mitumbwi, na miye ninayasoma nikiwa huku juu kilimani. Uniandikie sala kama mutumbwi."

Njo kazi ikaanza. Karatasi nilizipata kwa mlinzi wa biro moja, ofisi ya wapima ardhi waliokimbia: karatasi nzito za kuchorea ramani, nyeupe, hazinywi wino ovyo. Nyekundu ilikuwa ile ya mabehewa. Buluu nilimwomba askari mmoja wa kofia za buluu aliyekuwa anapaka helmeti za wenzake. Alinijazia mkebe, nikampa mikebuka, samaki wa kukausha, akanusa akafurahi. Dhahabu ilikuwa karatasi ya ndani ya pakiti za sigara. Nilizikusanya mlangoni mwa baa ambayo jina lake niliandika mimi.

Mtu ataniuliza: mama aliomba herufi kubwa, picha na dhahabu za nini? Nilifikiri hivi. Kwa macho yale, herufi hata zikiwa kubwa, atajuaje amefika sala gani? Basi kila sala nikaipa alama yake kwenye herufi ya kwanza. Sala ya asubuhi, ndani ya herufi kuna mwanamke na kinu. Sala ya wasafiri, gari la moshi. Sala ya wafu, mtumbwi bila mtu. Baba Yetu, samaki wawili na donge la bugali. Mama anafungua, anaona rangi, anajua yuko wapi. Na pembeni mwa kurasa niliweka majani ya muhogo yanayopanda, ndege, kaa, na kenge. Kusema kweli, kenge hakuwa kwa ajili ya mama. Yule nilimweka kwa ajili yangu.

Nilifanya makosa, sitaficha. Nilipaka rangi kwanza na dhahabu mwisho, kama tunavyofanya kwenye duka: kinachong'aa kinamaliza. Gundi ya muhogo ikatoka chini ya ile karatasi ya sigara, ikavuta buluu, dhahabu ikakunjamana kama uso wa mtoto anayetaka kulia. Ilikuwa kiangazi, upepo wa ziwa ukaleta vumbi likaganda juu yake. Nikasema potelea mbali, mama ataona inang'aa. Na mama aliona. Alipitisha kidole juu ya kila herufi kubwa, akazitaja sala zote bila kukosea, akakilaza kitabu mapajani kama mtoto aliyeshiba.

Wiki mbili kabla ya sikukuu, baada ya misa, mama akakipeleka kwa katekista kikaguliwe, maana ilikuwa lazima. Katekista akakiweka juu ya ukuta mfupi wa kanisa, akaweka kile cha kuchapwa kando yake, akafuata mstari kwa mstari kwa kidole. Watu wakakusanyika. Alipofika kwenye Baba Yetu kidole kikasimama.

"Hii Baba Yetu iko na shimo."

"Shimo gani?" nikamuuliza.

"Mustari wa kusamehe wale wanaotukosea. Uko wapi?"

Nikainama kutazama. Haukuwepo. Nilikuwa nimetoka kwenye mkate nikaenda moja kwa moja kwenye kishawishi. Mistari ile inaanza kwa namna inayofanana, jicho langu likaruka jiwe moja katikati ya mto. Ukutani ningeparua nikaandika upya. Kwenye karatasi, wino umekwisha kuingia, na chini ya mstari wa mwisho pamebaki nafasi tupu, juu hakuna pa kupenyeza hata herufi moja.

"Watu wa Mungu, muone!" katekista akasema, sauti ikapanda. "Huyu muntu alikaa na hasira juu yangu tangu akiwa mutoto, mpaka leo anafuta mustari wa kusamehe! Na kenge wake naye huyu hapa. Amenenepa, hata!"

Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka kama ingekuwa ni habari ya mwingine.

"Kama ningetaka kuufuta," nikamjibu, "mahali pake ningeandika jina lako."

"Mwalimu," mama akaingilia, "mustari ule niko nao kichwani. Nikifika pale nitausema."

"Kichwa hakifunguliwi kama kitabu, Mama. Kitabu chenye shimo hakiingii kanisani. Na rangi ya mabehewa! Na takataka za sigara!" Akakifunga, akakitia kwapani. "Hiki nakipeleka kwa Mompe. Na weye Mama, benchi la nyuma."

Mama hakulia. Alifunga kitambaa chake upya kichwani, akashuka kilima mbele yangu bila kugeuka.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa padri, huyo Mompe, na nguo zangu za kazi, rangi mpaka kwenye viwiko. Sikwenda kubadilisha. Padri alikuwa Mzungu mzee aliyekaa milimani Kirungu miaka mingi, mpaka magoti yakakataa vilima, akaletwa kwetu ziwani. Wenzake walipokimbia yeye alibaki. Alisema magoti yake hayana mbio. Kitabu cha mama kilikuwa mezani pake, wazi.

"Njo weye wa kenge?" akaniuliza.

"Njo miye, Mompe. Na sikuja kuomba musamaha. Nimekuja kuchukua kitabu cha mama yangu."

"Musamaha hata hauwezi kuuomba. Umeuruka."

Akacheka mwenyewe. Mimi sikucheka. Akanitazama kidogo, akainuka kwa kushika meza, akaenda kabatini akarudi na bati la biskuti lililofungwa kwa mpira. Ndani kulikuwa na kitambaa, ndani ya kitambaa kitabu kidogo kinachoingia kwenye kiganja. "Nawa mikono kwanza," akaniambia. Nikanawa.

Niliposhika ukurasa wa kwanza nikajua. "Hii si karatasi. Ni ngozi."

"Ya ndama. Umejuaje?"

"Upande huu kuna vitundu vya manyoya. Baba yangu alikuwa anawamba ngoma."

Akaniambia alikipata kwa bibi yake, na bibi yake kwa bibi yake. Ni sala za saa za siku, za asubuhi, za mchana, za jioni. Viliandikwa kwa mkono, vitabu vile, kabla watu hawajapata mashine ya kuchapa. Mimi nilikuwa namsikia kwa mbali. Nilikuwa natazama dhahabu. Haikuwa rangi. Ilikuwa dhahabu yenyewe, imevimba kidogo juu ya ngozi kama tone la nta, ukiinamisha kitabu inawaka, ukikinyoosha inazima. Ndani ya herufi moja kubwa alikaa Mama Maria na nguo ya buluu. Padri akasema jiwe la buluu ile lilisagwa, na lilitoka milimani mbali kupita Uajemi, juu ya migongo ya wanyama.

"Yangu ilitoka kwa askari," nikasema.

"Basi zote mbili zimesafiri."

Halafu macho yangu yakaenda pembeni. Mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya pembeni, macho yake yataenda wapi? Pembeni mwa zile sala palikuwa na konokono anapigana na askari mwenye mkuki, na askari anashindwa. Palikuwa na sungura anapiga ngoma. Palikuwa na nyani amevaa joho la daktari, ameinua chupa ya mkojo anaitazama kwenye mwanga, na karibu kabisa na kisigino chake, maneno ya Mungu. Kisha hasira ikapanda kutoka miguuni.

"Mompe, nani alichora nyani huyu?"

"Mafundi. Wengine walikuwa watawa."

"Na nani aliwachapa?"

Padri akaanza kukunja kile kitambaa.

"Nyani wenu munamufunga ndani ya kitambaa, ndani ya bati, anarithiwa. Kenge wangu alinitoa shuleni. Munieleze hapo."

"Habari ya fimbo sikuijua," akasema polepole.

"Sasa unaijua."

Angeweza kunifukuza. Badala yake alisukuma kitabu kwangu, akasema nitazame nitakavyo. Nikatazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi, nikitafuta alipohangaika. Kwenye ukingo kabisa nikaona vitundu vya sindano vimepangwa sawasawa juu mpaka chini: njo uzi wangu wa makaa, kwa njia yao. Ukurasa mmoja haukumalizika, majani yamechorwa kwa wino tu, dhahabu imekwisha kubandikwa, rangi hazijafika. Hapo hakuna aliyenieleza, nilielewa mwenyewe. Dhahabu kwanza! Rangi inakuja nyuma yake na kusafisha kingo. Nikauliza waliibandika kwa gundi gani, padri akasema alisikia kwamba walitumia ute mweupe wa yai. Yai, na mimi nahangaika na muhogo.

Karibu na mwisho ndipo nikamwona. Chini ya ukurasa mstari mmoja wa maneno ulikuwa umeandikwa peke yake, umezungushiwa kamba kama gogo. Kamba inapanda pembeni, na juu kuna mtu mdogo mwenye suruali nyekundu, amekaza miguu, mashavu yamejaa, anavuta. Mkono wake mmoja unaonyesha kwa kidole mahali kati ya mistari miwili.

"Mompe, huyu anavuta nini?"

Padri akavaa miwani. Akasoma Kilatini chake kwa midomo, akashuka mpaka chini, akapanda, akasoma tena. Akavua miwani.

"Tangu nikiwa mutoto nakitazama," akasema. "Nilizani ni pambo."

"Aliruka mustari."

"Aliruka mustari. Pale pale anapoonyesha kidole."

Hapo nikacheka, nikacheka mpaka padri naye akaanza. Fundi yule, amekufa zamani katika nchi ya baridi, na mimi, tuliruka jiwe lile lile. Yeye hakuparua, hakuchana, na ngozi ya ndama haitupwi. Aliuandika mstari chini, akatafuta mtu wa kuupandisha. Na nina hakika hakuomba ruhusa.

Padri akanirudishia kitabu cha mama. "Habari ya benchi ni kazi ya katekista," akaniambia. "Sitamuvunja mbele ya watu. Lakini maneno yote yakiwa ndani, atakosa shimo la kuonyesha."

Nilipofika nyumbani niliwaza: kwetu nani anavuta mzigo kwa mikono, na bandari ile pale? Nikauandika mstari wa kusamehe chini ya ukurasa, katika ile nafasi tupu, herufi za mtumbwi. Nikaufunga minyororo huku na huku kama gunia. Pembeni nikasimamisha winchi ya bandarini, shingo yake inapita mistari yote mpaka juu, na mnyororo wake umeushika mstari unaupandisha mahali pake. Chini ya winchi nikaweka mtu mmoja wa bandari anayeelekeza kwa mkono. Kabla ya rangi yoyote nikabandika dhahabu kwa yai, kwenye ndoano. Haikukunjamana.

Nikampelekea katekista; alipofungua, akaweka kidole juu ya shingo ya ile winchi.

"Hii ni nini? Winchi? Ndani ya Baba Yetu?"

"Hesabu maneno, Mwalimu."

Akahesabu. Yalikuwa yote.

"Winchi haina kazi ndani ya sala!"

"Unga wa ule mukate unaoomba kila siku ulipandishwa na nini? Na mabawa ya malaika?"

"Nitamwambia Mompe."

"Mwambie. Na umuombe akufungulie bati lake la biskuti."

Alikwenda. Alichoonyeshwa huko sijui, hakuniambia mpaka akafa. Ninachojua ni kwamba alirudi na kitabu, akampa mama mkononi, akasema, "Benchi la mbele, Mama," akaondoka haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa mpaka nje. Mimi nilisimama nyuma pamoja na watu wa bandari. Zamu ya mama ilipofika alisimama, akafungua kitabu, samaki wawili na bugali wakaonekana mpaka kwetu, kisha akatugeukia. Akaanza kusoma kwa sauti yake ya kuita watu sokoni. Alipomaliza habari ya mkate alinyamaza. Kidole chake kilishuka mpaka chini ya ukurasa kikaanza kupanda, pole, kinafuata mnyororo, maana macho yake hayakuamini njia. Kanisa zima likangoja. Katekista akakohoa.

"Mama," akanong'ona, lakini mnong'ono wake ulikuwa wa kusikika na wote, "uendelee."

"Ungoje, Mwalimu," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Muzigo bado unapanda."

Watu wa bandari njo walianza kucheka, kisha akina mama, kisha hata wale wa kwaya. Mama hakucheka. Kidole kilipofika mahali pake alisoma mstari ule kwa nguvu, neno kwa neno, ule wa kusamehe wanaotukosea, na aliponyanyua uso alikuwa anatazama upande wa katekista au upande wangu, kwa macho yale sikuweza kujua.

Alikaa benchi lile la mbele mpaka mwisho wake. Wako wanaosema yule mtu wa bandari chini ya winchi ana masikio ya katekista. Masikio ni masikio; mimi nilichora yale ninayoyajua, na ya yule bwana nayajua vizuri kama yeye alivyolijua sikio langu. Wako pia walioniuliza kama baada ya siku ile nilimsamehe. Niliambiwa nirudishe mstari, nikaurudisha. Uko pale, umefungwa minyororo, unasomeka. Na kenge naye yuko pale pale pembeni, ulimi nje.